Darubini Ndogo ya Nyumbani na Picha za Mbingu

Si jambo la ajabu siku hizi kuikuta darubini ndogo katika nyumba ya kawaida ya mjini. Imeletwa na mjomba aliyerejea kutoka Muscat au Dubai, au mzazi ameinunua baada ya mtoto kufaulu mtihani wake. Siku tatu za mwanzo nyumba nzima hutoka uani kuangalia Mwezi. Siku ya nne darubini hupanda juu ya kabati, na huko hubaki. Mtoto amelalamika kwamba Mwezi unatetemeka, baba ameweka simu kwenye tundu la kuchungulia akapata duara jeupe lisilo na umbo, na wote wameafikiana kwamba kifaa ni kibovu.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Lenzi ya mbele, ambayo ndiyo roho ya darubini, huwa ni nzuri hata katika darubini za bei nafuu. Kilicho dhaifu ni vitu vinavyoizunguka: miguu inayoyumba, gurudumu la fokasi lililolegea, bomba linalong'aa kwa ndani, na mahali pa kufungia kamera ambapo hapapo kabisa. Vyote hivyo hurekebishika kwa mikono ya kawaida, kwa mchanga, kitambaa, kibanio cha nguo na msaada kidogo wa seremala. Makala haya yanakusudia kumwonesha mzazi na kijana wake namna ya kuiandaa darubini ndogo ya lenzi ili ipige picha za Mwezi na nyota. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: picha ya mbingu hupatikana kwa utulivu wa kifaa na subira ya mtu, na fedha huja nyuma ya hayo mawili.

Kuijua darubini uliyonayo

Darubini ya lenzi hupokea mwanga kwa lenzi kubwa iliyo mbele, ikaukusanya mahali pamoja nyuma ya bomba. Ubavuni mwake au karibu na lenzi huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo cha lenzi, na ya pili ni masafa ya fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale taswira inapoundika. Darubini nyingi za nyumbani huandikwa 70 na 700, kwa maana ya milimita 70 za kipenyo na milimita 700 za masafa ya fokasi. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata 10. Hiyo hutuambia jinsi taswira itakavyokuwa na mwanga: namba ikiwa ndogo, taswira huwa na mwanga mwingi zaidi.

Usihadaike na maandishi ya kwenye boksi yanayoahidi ukuzaji wa mara 500 au zaidi. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo cha lenzi kwa milimita. Lenzi ya milimita 70 basi mwisho wake ni mara 140, na ukivuka hapo unakuza ukungu tu. Katika upigaji picha, ukuzaji huo wala hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa taswira juu ya sensa ya kamera. Kwa Mwezi, gawanya masafa ya fokasi kwa 110. Darubini ya milimita 700 huutoa Mwezi wenye upana wa milimita 6 na nusu hivi, ambao hukaa vizuri ndani ya sensa ya kamera ya kawaida.

Macho kabla ya yote

Hapa hapana mzaha. Mtu asielekeze darubini kwenye Jua bila kichujio maalumu kilichofunika lenzi ya mbele yote. Darubini hukusanya mwanga na joto la Jua kwenye nukta moja, na jicho lililo kwenye nukta hiyo huungua kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa, bila hata maumivu ya kumtahadharisha mtu. Baadhi ya darubini huuzwa zikiwa na kioo kidogo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa kwamba ni cha kuangalia Jua. Kivunje na ukitupe leo hii. Kioo hicho hukaa pale pale joto linapokusanyika, na kinaweza kupasuka mtu akiwa anachungulia.

Nasaha hii ina wakati wake. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na ukanda wa giza kamili utapita juu ya Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri, Jeddah na Makka, kisha Yemen na Somalia. Sisi wa Afrika Mashariki tutaliona likiwa limefunikwa kwa sehemu, na sehemu iliyobaki wazi ina uwezo ule ule wa kupofusha. Watoto wengi watataka kuchomoa darubini zao siku hiyo. Mzazi awe ameshazungumza nao mapema, na darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni mwa bomba nayo ifunikwe au itolewe, kwani nayo ina lenzi.

Miguu ndiyo msingi

Kwa jicho, mtikisiko ni usumbufu. Kwa kamera, ni kuharibika kwa kila picha. Fanya jaribio jepesi. Elekeza darubini kwenye taa ya mbali au nyota angavu, ligonge bomba taratibu kwa kidole, kisha hesabu sekunde hadi taswira itulie. Ikipita sekunde tatu, stendi yako inahitaji kazi kabla ya kununua chochote kingine.

Anza na yale yasiyo na gharama. Usiivute miguu hadi mwisho. Stendi fupi hutulia zaidi, na mpiga picha anaweza kuketi kwenye mkeka au kigoda. Ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo tatu au nne katikati ya miguu, ukigusa ardhi kidogo ili usipembee kwa upepo. Ikiwa miguu ni ya bomba la aluminiamu lenye uwazi, fungua kofia za chini, ijaze mchanga mkavu uliochekechwa, na uifunge tena. Mchanga humeza mtikisiko kwa namna ambayo chuma kitupu hakiwezi. Chini ya kila mguu weka kipande cha mpira wa tairi. Kaza skrubu zote, hasa pale kichwa cha stendi kinapokutana na miguu, maana legevu moja hapo huharibu kazi yote.

Mwenye uwezo zaidi amwendee seremala. Miguu mitatu ya mninga au mvule, minene ya kutosha na yenye kamba au mnyororo wa kuizuia isitanuke, hutuliza darubini kuliko stendi nyingi za kiwandani za bei ya chini. Mbao humeza mtetemo vizuri, na seremala wa mtaani anaweza kazi hiyo ukimpelekea stendi ya zamani aitumie kama kielelezo. Na usiweke stendi juu ya paa la bati wala sakafu ya mbao ambayo watu wanaitembea. Ardhi tupu ya uani ni bora.

Ndani ya bomba na gurudumu la fokasi

Toa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba mchana ukiwa umelielekeza kwenye anga lisilo na Jua. Ukiona kuta za ndani zinang'aa, ujue mwanga wa taa za mtaa nao utang'aa humo usiku, na picha itakuwa na utando wa kijivu. Dawa yake ni kuzipa kuta hizo weusi usioakisi. Wengine hupaka rangi nyeusi isiyong'aa; wengine hubandika mahameli nyeusi. Bomba dogo linaloingia na kutoka wakati wa kutafuta fokasi ndilo lenye kung'aa kuliko yote, basi lianzie hapo. Kazi hii ifanyike baada ya kuskrubua kitasa cha lenzi ya mbele kikiwa kizima. Lenzi zenyewe, ambazo huwa mbili zilizopangwa pamoja, zisitenganishwe. Upande upi unaangalia wapi na pengo lililo baina yake vimepimwa kiwandani.

Kisha shika bomba dogo la fokasi, ulitikise juu na chini. Likicheza, kamera itaning'inia kwa pembe na nusu ya picha itakuwa nje ya fokasi. Katika darubini nyingi kuna skrubu ndogo juu ya mahali pa gurudumu. Zikaze kidogo kidogo kwa zamu hadi mchezo uishe lakini gurudumu bado lizunguke. Ikiwa bado linacheza, futa grisi ya zamani iliyoganda, pachika vipande vyembamba vya plastiki laini baina ya bomba dogo na ukuta wake, na upake grisi mpya kidogo.

Gurudumu lenyewe huwa dogo mno kwa kazi ya picha, ambapo robo ya milimita hutofautisha nyota kali na nyota iliyovimba. Bana kibanio cha nguo juu yake. Kibanio hugeuka kuwa mkono mrefu, na ukiusukuma ncha yake kwa kidole gurudumu huzunguka kiasi kidogo sana bila kutikisa darubini. Wengine huvika gurudumu kifuniko kikubwa cha chupa ya jemu kilichotobolewa katikati. Matokeo ni yale yale.

Kuifunga kamera

Simu ya mkononi yafaa kwa kuanzia. Huwekwa nyuma ya lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo, ikishikwa na kibanio cha kununua au fremu ya mbao yenye tundu na mipira ya kubana. Kitu kimoja tu ni cha lazima: mkono usiishike. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili au tatu, au chomeka vipokea sauti vya waya. Katika simu nyingi kitufe chake cha sauti hupiga picha.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi aondoe lenzi ya jicho na kile kioo cha pembe kinachopinda mwanga kuelekea juu, kisha afunge kamera moja kwa moja. Huhitaji vitu viwili: pete inayolingana na aina ya kamera yako, mafundi wa picha huiita pete ya T, na bomba fupi la kuiunganisha na darubini. Uzi wa pete hiyo ni wa kipenyo cha milimita 42 duniani kote, hivyo pete ya Canon au ya Nikon hukutana na bomba lolote la aina hiyo.

Hapa wengi hukwama: kamera imefungwa, gurudumu limezungushwa hadi mwisho, na fokasi haipatikani. Sababu ni kwamba kioo cha pembe kilikuwa kikichukua sentimita kadhaa za njia ya mwanga, na sasa kimeondoka. Taswira inaundika nyuma zaidi ya pale kamera ilipo. Ongeza kipande cha bomba cha urefuko wa sentimita 5 hadi 8 baina ya darubini na kamera. Ukitaka kujua kiasi kamili, elekeza darubini kwenye Mwezi bila kamera, shika karatasi nyeupe nyuma ya tundu, isogeze mbele na nyuma hadi Mwezi uonekane mkali juu ya karatasi. Hapo ndipo sensa inapopaswa kukaa.

Kamera ni nzito na itavuta nyuma. Sogeza bomba mbele katika pete zake hadi darubini isimame sawa bila kushikwa.

Ukingo wa zambarau

Darubini ya lenzi ya bei nafuu ina kasoro ya kimaumbile: rangi za mwanga hazikusanyiki zote mahali pamoja. Taswira ikiwa kali kwa kijani na njano, zambarau huwa imekwenda pembeni kidogo, na Mwezi hupata ukingo wa rangi hiyo. Darubini za gharama kubwa hupunguza kasoro hii kwa vioo adimu. Sisi tuna njia tatu za nafuu. Ya kwanza ni kufunika lenzi kwa kadi nyeusi yenye tundu la duara la milimita 50 katikati. Nusu ya mwanga hupotea, lakini rangi hupungua sana, na kwa Mwezi wenye mwanga tele hiyo si hasara. Ya pili ni kichujio cha njano. Ya tatu haihitaji kifaa: ifungue picha katika programu ya kuhariri, itenganishe katika rangi zake tatu, chukua kijani peke yake, uifanye picha ya nyeusi na nyeupe. Mwezi hauna rangi nyingi za kupoteza, na ukali utakaoupata utakushangaza.

Mwezi ndio darasa la kwanza

Usianze na Mwezi mpevu. Usiku huo Jua linaumulika uso wa Mwezi moja kwa moja kutoka upande wetu, hakuna vivuli, na milima yote hulala bapa. Anza ukiwa nusu, siku ya saba au ya nane, na uangalie mstari unaotenga mwanga na giza. Hapo mashimo na milima hurusha vivuli virefu. Lenzi ya milimita 70, hewa ikiwa tulivu, inaweza kubainisha vitu vya kilomita tatu au nne juu ya uso wa Mwezi.

Kwa darubini ya 70 na 700, Mwezi mpevu huhitaji takriban sehemu moja ya 125 ya sekunde kwa ISO 100. Mwezi nusu huhitaji muda mrefu zaidi, kama sehemu moja ya 30, na hilali muda mrefu kuliko huo. Usiiachie kamera iamue yenyewe. Ikiona weusi mwingi wa anga hudhani ni giza na huunguza Mwezi. Piga picha 20 au 30 mfululizo, kwa sababu hewa ya juu hutetemeka, na katika hizo utaona mbili au tatu zilizotulia kuliko nyingine. Saa nzuri ni pale Mwezi ulipo juu. Ukiwa karibu na upeo unauona kupitia hewa nene, na juu ya mapaa yanayotoa joto la mchana.

Kwa kutafuta fokasi ya nyota kuna ufundi uliobuniwa mwaka 2005 na Mrusi Pavel Bahtinov, ambao waweza kuukata mwenyewe kwa kadi na wembe. Ni kifuniko cha lenzi chenye mipasuo myembamba ya sambamba iliyopangwa katika mielekeo mitatu. Elekeza kwenye nyota angavu kama Sirius, ndiyo ash-Shi'ra iliyotajwa katika Surat an-Najm, na utaona miale mitatu ikipitia nyota. Mwale wa kati ukiwa haswa katikati ya miwili ya pembeni, fokasi imepatikana. Ondoa kifuniko, kaza skrubu, na usiguse tena.

Kuupa mgongo Qibla

Mbingu huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa, na Mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika mbili. Kwa picha ya Mwezi hilo halidhuru. Lakini ukitaka kupiga mawingu ya gesi au makundi ya nyota, ambayo huhitaji sekunde nyingi za mwanga, darubini ya milimita 700 iliyosimama tuli huzigeuza nyota kuwa michirizi kabla hata ya sekunde moja kuisha. Dawa ni stendi ya ikweta yenye mota ndogo, ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, kisha huzunguka kwa mwendo ule ule wa nyota.

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, navyo humwambia msomaji aitafute nyota ya kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo. Ncha tunayoitumia ni ya kusini, ambayo haina nyota angavu ya kuitambulisha, na tena iko chini sana: kama digrii 7 kutoka kwenye upeo kwa Dar es Salaam, 6 kwa Unguja, 5 kwa Tanga, 4 kwa Mombasa, na 10 kwa Mtwara.

Lakini watu wa mwambao tuna msaada wetu. Makka na miji yetu ya pwani ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kati ya nyuzi 39 na 40 mashariki. Kwa sababu hiyo Qibla ya Dar es Salaam, Unguja, Tanga na Mombasa ni kaskazini ya kweli kwa tofauti isiyofika digrii 2. Aliyesimama katika uwanja wa msikiti uliojengwa kwa kipimo sahihi, akaupa mgongo ukuta wa Qibla, anaitazama ncha ya kusini. Panga mhimili wa stendi sambamba na kuta za ubavuni mwa msikiti, na kazi kubwa imekwisha. Walio bara wasilitumie hili bila hesabu. Dodoma Qibla hukengeuka kuelekea mashariki kwa digrii 8 hivi, na Kigoma kwa takriban 20.

Asiyekuwa karibu na msikiti, au mwenye shaka na kuta zake, atumie timazi. Mchana, Jua linapopita katikati ya mbingu kabla kidogo ya kuingia Adhuhuri, kivuli cha uzi wa timazi hulala haswa kaskazini na kusini. Kichore sakafuni kwa chaki, kitafaa usiku. Kwa Dar es Salaam epuka siku za mwanzo wa Machi na za kuzunguka tarehe 10 Oktoba, kwani Jua huwa utosini na kivuli hakipo.

Litabaki tatizo la kushusha mhimili hadi digrii 7. Stendi nyingi hazifiki chini hivyo, na zikifika, uzito wa kusawazisha hugonga mguu. Hapa ndipo mtaka cha mvunguni anapoinama. Fupisha mguu unaoelekea kusini, au inua miwili ya nyuma juu ya matofali, hadi stendi nzima iiname upande wa kusini. Ikiwa kipimo cha stendi kimegoma kwenye digrii 17, kuinamisha stendi digrii 10 hukufikisha kwenye 7. Bana miguu ya nyuma kwa mifuko ya mchanga ili isipinduke. Kisha chagua nyota moja, iache kamera imefunguka kwa dakika moja, uone inateleza upande gani. Sogeza mhimili kidogo, rudia. Kuteleza kukipungua uko sawa. Kukizidi, rudi upande wa pili.

Hata baada ya hapo usitarajie dakika nzima kwa mota ya bei nafuu. Piga picha 60 za sekunde 15 kwa ISO 1600, kisha zirundike kwa programu isiyo na malipo kama Siril au DeepSkyStacker. Programu huzilinganisha nyota na kuzichanganya picha zote kuwa moja. Chembechembe za uchafu hupungua kwa kipeuo cha idadi: picha 4 huzipunguza nusu, 16 huzifikisha robo. Piga na nyingine 20 lenzi ikiwa imefunikwa, ili programu ijue kasoro za kamera yenyewe na kuzitoa.

Kuanzia Desemba hadi Machi elekea kwenye wingu la gesi la Orion, lililo chini ya nyota tatu za mkanda. Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekijua vizazi na vizazi, nacho huwa juu miezi hiyo. Novemba, mbele yako upande wa Qibla, kuna Andromeda, ambayo Abd al-Rahman al-Sufi aliitaja katika kitabu chake cha nyota cha karibu mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Leo twajua ni mkusanyiko wa nyota ulio nje kabisa ya njia yetu ya maziwa, na lenzi ya milimita 70 huionesha.

Hilali na amana ya picha

Darubini ikishapiga picha, kishawishi kitakuja: kuipiga hilali ya Ramadhani au ya Shawwal na kuisambaza kwenye simu. Vijana wafahamu mambo matatu kabla ya hapo.

La kwanza ni usalama. Hilali iko karibu na Jua. Darubini isielekezwe magharibi mpaka Jua lote limezama.

La pili, kamera huona yasiyoonwa na jicho. Katika miaka ya 1930 Mfaransa André Danjon alieleza kwamba Mwezi ulio chini ya takriban digrii 7 kutoka kwenye Jua hauonekani. Hata hivyo tarehe 8 Julai 2013 Mfaransa mwingine, Thierry Legault, aliipiga picha hilali mchana kweupe, katika saa ile ile ya kuzaliwa kwa mwezi mpya, ikiwa chini ya digrii 5 kutoka kwenye Jua. Hakuna jicho la mwanadamu lingeiona. Kwa hiyo picha ya hilali na kuiona hilali kwa macho si jambo moja, na uzito wa kila kimoja ni suala la maulamaa, si la mwenye kamera.

La tatu ni uaminifu. Simu iliyowekwa nyuma ya lenzi ya jicho bila kioo cha pembe hupata taswira iliyopinduka juu chini. Yenye kioo cha pembe hugeuza kulia kuwa kushoto. Kwetu hilali hulala kama dau, na picha isiyorudishwa sawa huweza kuonesha dau lililopinduka. Mtu akiipokea bila maelezo atadhani ni ya kughushi, au ataijengea hoja isiyokuwepo. Hifadhi faili la asili bila kuligusa, pamoja na saa, tarehe, mahali na kifaa kilichotumika. Usikoleze mwanga, usikate, usiongeze. Kisha wape wahusika wa msikiti wako, nao wajue la kufanya. Familia nzima yaweza kufunga au kufungua kwa sababu ya picha moja, na aliyeituma atakuwa amebeba dhima yake.

Kuitunza isile chumvi

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na unyevu huotesha kuvu juu ya kioo. Darubini iliyolala ndani ya boksi lake la kadi kwa masika moja yaweza kutoka na mizizi myeupe ndani ya lenzi. Ihifadhi katika kasha la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na pakiti za silika jeli, na uzikaushe pakiti hizo kila zinapolowa. Baada ya kazi ya usiku usiifunge ikiwa na umande. Iache chumbani ikauke kwanza. Wakati wa kazi, umande huzuiwa kwa kofia ya kadi nyeusi inayotangulia lenzi kwa urefu wa kipenyo chake mara mbili. Vumbi lipulizwe kwa kipulizo cha mpira, lisifutwe kwa kanzu wala khanga. Punje moja ya mchanga ndani ya kitambaa huacha mkwaruzo wa kudumu.

Gharama ya yote haya, kwa mwenye darubini na simu tayari, haizidi mchanga, kipande cha mahameli, kadi nyeusi, grisi na kibanio cha nguo. Iteremshe basi darubini kutoka juu ya kabati siku ya sita ya mwezi huu wa Kiislamu, ujaze mchanga miguu yake, na siku ya saba baada ya Isha utoke nayo uani pamoja na watoto. Mwezi utakuwa nusu, vivuli vyake virefu, na kila mmoja atapata zamu yake ya kupiga.